UZI: Mwanangu ana usonji na haongei, hivi ndo alivyoanza kuomba vitu mwenyewe. Wazazi karibuni tujadili

fundi_wa_tabata (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu. Hii mada nimekaa nayo muda mrefu naogopa kuiandika, ila juzi kliniki kuna mama alikaa pembeni yangu kwenye benchi analia, mwanae ana miaka mitatu hana hata neno, nikajikuta naongea nae mpaka foleni ikatupita wote wawili. Nikasema ngoja niandike hapa maana wa namna yake wapo wengi na usiku hawalali.

Mimi ni fundi umeme, nina watoto wawili. Huyu wa pili ana miaka minne kasoro, wa kiume, aliambiwa ana usonji akiwa na miaka miwili na miezi minane. Kipindi hicho alikuwa na neno "mama", ambalo alikuwa analiambia hata kikombe, na alikuwa anaimba ABC yote mpaka mwisho na anahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza bila kukosea. Majirani wakisikia wanasema huyu mbona ana akili sana. Akili anazo kweli, ila akishikwa na kiu hawezi kuomba maji. Alikuwa anakushika hapa kwenye kifundo cha mkono, sio kiganja, anakukokota mpaka jikoni halafu anaurusha mkono wako kwenye mlango wa friji kama vile mkono wako ndo ufunguo. Usoni hakuangalii kabisa. Ukitoa kitu sicho anagonga kichwa ukutani, na ile sauti ya kichwa cha mtoto kwenye ukuta wa tofali mzazi aliyeisikia anajua naongelea nini.

Sasa sisi tulifanya kosa ambalo naamini nyumba nyingi zinalifanya. Kila mtu akawa mwalimu. Mimi, mama yake, bibi yake akija, mpaka mteja akija kudai hela yake. "Sema maji. Sema ma-ji. Husemi hupewi." Kikombe kiko juu, mtoto anaruka analia, mwisho anapewa akiwa amechoka au kikombe kinapigwa kinamwagika. Tulifanya hivyo karibu mwaka. Nikikumbuka roho inauma sana, maana alichojifunza ni kwamba watu wa nyumba hii wakishika kikombe kuna vita inakuja.

Tulipompata terapisti (kwa mbinde, na kwa kukopa) hakuuliza mtoto anasema maneno mangapi. Aliuliza, "Huyu anapenda nini duniani?" Tukataja: bisi, maji ya baridi, feni ikizunguka, povu la sabuni, kukalishwa kwenye bodaboda ya jirani hata ikiwa imezimwa. Akasema basi tunaanzia hapo. Mdomo tuuache kwanza. Mtoto ajue kwamba kuna mtu, na huyo mtu anaweza kupelekewa ujumbe, akajibu. Neno litakuja juu ya hiyo, ila hiyo isipokuwepo hata neno likija linakuwa kama ile ABC, linaelea tu hewani haliendi kwa mtu.

Njia aliyotuanzishia ni ya kubadilishana picha. Inaitwa PECS, ilianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, kwa watoto wadogo wa namna hii hii ambao hawaongei. Naielezea kama tulivyoifanya sebuleni maana maelezo ya juu juu hayamsaidii mtu.

Nilipiga picha bisi kwa simu, bisi halisi za kwetu kwenye kibakuli chake cha kijani, nikaenda steshenari wakaprinti na kulaminisha, ukubwa kama kiberiti. Nyuma nikabandika ule mkanda wa viatu vya watoto unaong'ang'aniana, upande mmoja miba upande mwingine manyoya, fundi viatu anakukatia kwa bei ndogo tu. Wanahitajika watu wazima wawili. Mke wangu alikaa mbele ya mtoto na bisi kwenye ngumi, dada wa nyumbani akakaa nyuma yake. Picha moja tu, iko katikati. Mke wangu haruhusiwi kusema "unataka nini" wala "nipe picha", anakaa kimya na kiganja wazi. Mtoto akinyoosha mkono kufuata bisi, dada kwa nyuma anauongoza ule mkono mpaka kwenye picha, aiokote picha, aiweke kwenye kiganja cha mama. Picha ikigusa tu kiganja, mama anasema "bisi!" na bisi inatoka hapo hapo. Sio baada ya kusifia, sio baada ya "sema asante". Hapo hapo. Bisi moja, ili kuwe na ya pili.

Wa nyuma haongei kabisa, haongei wala hachezi nae, yeye ni mikono tu, na kila awamu anaachia mapema kidogo akianzia mwisho, yaani kwanza anaacha kusukuma picha kwenye kiganja, halafu anaacha kumuinulia, mwisho hamgusi.

Siku ya kwanza tulivuruga, dada alikuwa anasema "chukua chukua" na mimi naelekeza toka kwenye kochi kama kocha. Siku ya pili nikaambiwa nitoke nje. Siku ya tatu jioni nilikuwa mlangoni navua viatu. Mtoto akaangalia ngumi ya mama yake, akaangalia picha, akaiokota kwa vidole viwili kwa ile kona yake, akakaa nayo kama anaipima uzito, akaiweka kwenye kiganja cha mama. Dada mikono yake ilikuwa mapajani, hakumgusa. Mke wangu akasema "bisi" sauti ikakatika katikati. Hiyo ndo mara ya kwanza katika maisha yake mtoto wangu alimwambia mtu kitu na mtu akaelewa.

Nitaendelea, ngoja nikamalize kazi ya watu.

---

mama_kulwa_n_doto

Nimesoma huku machozi yananitoka. Mimi wangu ni wa kike ana miaka 3 na nusu. Swali langu kaka na naomba usinichoke, akizoea mapicha si atabweteka asiongee kabisa? Mama mkwe ndo anachosema kila siku, kwamba tunamfundisha ububu.

---

fundi_wa_tabata

Dada, hilo swali hata mimi niliuliza kikao cha kwanza kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Terapisti akanionyesha na nyingine nimeenda kujisomea mwenyewe. Mwaka 2006 Millar, Light na Schlosser walikusanya tafiti za watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa picha, ishara au mashine za kuongea, wakaangalia je kuongea kulipungua? Kwenye zile tafiti zilizofanywa kwa umakini zaidi kulikuwa na watu 27, asilimia 89 kuongea kwao kuliongezeka, asilimia 11 walibaki pale pale, aliyepungua hakuna hata mmoja. Hawajasema wote wakawa waongeaji, kuongezeka kwenyewe mara nyingi kulikuwa kidogo. Ila ile hofu ya kubweteka haina mguu wa kusimamia.

Halafu kuna wa Connie Kasari na wenzake Marekani, 2014, watoto 61 wa miaka 5 mpaka 8 ambao wana maneno machache sana. Wote walifundishwa kwa kucheza nao, ila wengine tangu mwanzo mwalimu alikuwa anatumia na kifaa cha kuongea, unabonyeza picha kinatoa sauti. Wale wa kifaa ndo waliotoka mbele zaidi kwa kuongea wenyewe bila kuulizwa. Na hao walikuwa wameshapita umri wa chekechea, ule umri ambao watu huku wanakwambia "huyu basi tena".

Kwahiyo mwambie mama mkwe kwa heshima kabisa, mtoto anayeshikilia samani anapojifunza kutembea hatujawahi kumnyang'anya samani tukisema atazoea.

Kuna utafiti mwingine nilioushika sana siku nilipokuwa nimekata tamaa. Wodka na wenzake, 2013, watoto 535 wenye usonji ambao kwenye miaka minne lugha ilikuwa imechelewa vibaya. Walipoangaliwa wakiwa na miaka minane na kuendelea, asilimia 70 walikuwa wanaunganisha maneno na asilimia 47 wanaongea kwa ufasaha. Sasa soma na upande wa pili, asilimia 30 hawakufika hata huko. Mimi sijui mwanangu yuko upande upi. Ndo maana sikubali asubiri mdomo ndo aanze kuishi na watu.

---

kijana_wa_pwani

Mkuu pole ila nisikufiche, hayo mambo ya wazungu. Mtoto wa dada yangu alikuwa hivyo hivyo akapelekwa akakatwa udata na akafanyiwa kisomo, mwaka haukuisha anaongea. Na chanjo hizi nazo mziangalie.

---

fundi_wa_tabata

Asante kaka, najua umesema kwa nia njema. Dua tunafanya kwetu kila siku wala sitaacha. Ila udata ni ile ngozi ya chini ya ulimi kuvuta, inaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya herufi, lakini mtoto wangu anaimba ABC yote, ulimi unafanya kazi. Shida yake haikuwa kutamka, ni kumwelekea mtu na kumwambia. Ukikata hapo umekata bure na umemuumiza. Cha chanjo nacho kilitoka kwenye andiko la Andrew Wakefield la 1998 kwenye jarida la Lancet na jarida lenyewe lililifuta 2010. Msimnyime mtoto chanjo kwa hilo jamani, surua inaua.

Cha kukimbilia kwanza ni masikio, tusianze na jina la usonji kabla ya kupima. Mtoto asiyeitika anaweza kuwa hasikii. Wangu alipimwa, alikuwa na uchafu na usaha sikio la kushoto, tukatibu, tukarudi tena. Masikio yakawa safi na bado haitiki jina, ndo tukaendelea na hatua zingine.

---

bint_mvita

Salamu kutoka Mombasa. Nimeupenda uzi huu. Mimi mwanangu wa kiume sasa ana sita, nilianzia kwenye kituo cha tathmini cha serikali, hizi EARC zetu, akiwa na mitatu. Nataka kuongeza jambo la nyumbani ambalo halina gharama.

Sisi kina mama twajua sana kuwasomea watoto nyuso. Kabla hajalia ushaleta. Mwanangu alikuwa hana haja ya kuniambia kitu kwa sababu kila kitu kiko mkononi mwake au mamake ashamaliza kumletea. Yule dada aliyenifunza aliingia jikoni kwangu akapandisha vitu rafu ya juu, pale anapoviona lakini havifikii. Biskuti zikaingia kwenye mtungi wa plastiki unaoonekana ndani, kifuniko kimekazwa. Kisha nikaambiwa nikae chini nimtizame na ninyamaze. Nihesabu moyoni mpaka kumi.

Wallahi kumi ni nyingi. Ikifika nne nishataka kusema "wataka biskuti babangu?" Nilijiziba mdomo kwa leso. Alizungusha ule mtungi, akauuma, akaugonga chini, kisha akauweka mapajani mwangu na akainua macho. Hakusema chochote, ni macho tu. Nikasema "fungua!" nikafungua. Kesho yake tena, keshokutwa tena. Sasa hivi neno "gua" ndilo neno lake kubwa, afunguliwe mlango ni gua, avuliwe kiatu ni gua, nikimmenyea chungwa ni gua. Nami nalipokea, simwambii sema vizuri.

Ila mumuonyeshe kilichomo ndani na asiteswe. Akianza kuchemka, fungua. Ule ni mwaliko, si mtihani.

---

mwalimu_mstaafu

Hamjambo watoto wangu. Nimefundisha kitengo cha watoto wenye usonji shule ya msingi miaka mingi, sasa nipo nyumbani nalea wajukuu. Baba wa Tabata hongera sana, na wewe mama wa Mombasa.

Nina neno ambalo naomba mlichukue kwa uzito. Yote mliyoandika mpaka hapa ni kuomba. Nipe bisi, fungua, leta maji. Kuomba ni pa kuanzia pazuri kwa sababu malipo yake yanaonekana, lakini nimeona watoto wanaishia hapo, ana picha themanini kwenye daftari na zote ni za chakula, binadamu mwenzie kwake ni kabati la kutolea vitu. Mtoto mwingine hata kabla hajasema neno, akiona ndege juu ananyoosha kidole kisha anakugeukia. Haombi umshushie ndege. Anataka na wewe uione. Hilo kwa watoto wetu wa usonji ndilo linalochelewa zaidi, na ndilo ambalo lugha inaota juu yake.

Linafundishwaje? Kwa kucheza, na sio ule mchezo wako wewe mtu mzima. Unakaa chini, kabisa, matako sakafuni, uso wako uwe usawa wa uso wake. Akipanga vizibo vya soda mstari, usimpangue. Chukua chako ukiweke mwishoni mwa mstari wake. Sema "weka". Subiri. Akiweka chake, weka chako, "weka". Atakushangaa siku ya kwanza, pengine atakuondolea kizibo chako akitupe. Rudi kesho. Siku moja atasimama akusubiri uweke, na hapo mjue mmepata zamu, yeye na wewe, na mazungumzo yote ya wanadamu ni zamu tu. Ukishapata hiyo vuruga kidogo kwa upole, weka kizibo kichwani kwako badala ya kwenye mstari, uone kama atakuangalia usoni.

Mchezo mwingine ni khanga. Jifunike uso, "mama yuko wapiiii", funua. Mara ya tano jifunike ukae kimya, usifunue. Ngoja mkono wake uje uivute. Ukija tu, funua kwa furaha yote uliyonayo.

Na sisi tunaoongea nao tuongee kwa kipimo chao. Mtoto asiye na neno mpe neno moja, mwenye neno moja mpe mawili. Hapa Kiswahili chetu kina raha na kina mtego. Raha ni kwamba tukiamrisha neno linabaki tupu na jepesi mdomoni: lete, toa, weka, njoo, shuka, kula, na silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, mtoto anazishika. Mtego ni viambishi. Sikiliza tunavyomsemesha mtoto mmoja kwa dakika moja: "subiri nikufungulie, mbona halijafunguka, limefungwa, haya nimeshakufungulia". Kitendo ni kile kile na neno kila likija lina kichwa kingine na mkia mwingine. Mtoto huyu hapati pa kulishikia. Sema "fungua". Ukifungua, "fungua". Kesho tena "fungua". Utajiona mjinga siku mbili tatu na itapita.

Jambo la mwisho, mpeni namna ya kukataa. Wazazi wengi hawapendi nikisema hivi. Picha ya "sitaki" au kiganja kusukuma mbele, na "imeisha", mikono mitupu inaonyeshwa. Mtoto anayekupiga kofi ukimlisha ugali mara nyingi anakwambia sitaki kwa lugha pekee aliyonayo. Akitumia ishara ya sitaki mara za kwanza ziheshimuni zote hata kama mnaona alitakiwa ale, la sivyo atairudia ile ya kofi kwa sababu ndiyo inayosikilizwa.

---

fundi_wa_tabata

Mwalimu shikamoo. Umenigusa pale kwenye kabati la kutolea vitu, nimeenda kuhesabu picha za mwanangu, zipo kumi na tisa, za chakula na vinywaji ni kumi na nne. Nimekusikia.

Nimalizie nilipoishia kwa waliouliza PM. Baada ya ile bisi ya kwanza tulipata kosa la pili. Tulikuwa tunafanyia pale pale sebuleni kwenye meza, kwahiyo mtoto akajua meza ndo inatoa bisi. Siku moja hakuna mtu sebuleni nikamkuta ameweka picha mezani amesimama pembeni anasubiri, dakika nzima, peke yake. Iliniuma ile picha. Ndo tukaelewa hatua ya pili ni umbali. Unasogea nyuma hatua moja, mbili, unageuka, unaenda chumba kingine, mpaka ajifunze kutafuta mtu na kumfikia. Ilichukua kama wiki tatu hivi. Nikajua ameelewa siku nipo bafuni naoga nikaona picha ya bisi inapitishwa chini ya mlango, inarudi, inapitishwa tena. Nilitoka na povu.

Kuchagua picha ni hatua ya tatu, na hapo msiogope akikosea. Weka bisi na kitu asichokijali, sisi tuliweka soksi. Akileta picha ya soksi mpe soksi. Uso wake siku ile! Akaangalia soksi, akaniangalia mimi, akairudisha. Usimwambie "hapana sio hiyo", mpe alichoomba ndo ajue picha zina uzito. Baada ya hapo kuna kamba ya sentensi, picha ya "nataka" na picha ya kitu, tuko hapo sasa, na mara moja moja akiweka kidole kwenye "nataka" midomo inacheza kidogo. Sauti haijatoka. Naiandika tu kama ilivyo.

---

jumaa_dodoma

Sisi tunaongea Kigogo na Kiswahili nyumbani na shule ya awali wanataka Kiingereza. Daktari mmoja alituambia tuchague lugha moja tu tena Kiingereza maana ndo ya terapi. Bibi yake hajui Kiingereza kwahiyo sasa haongei nae kabisa. Nifanyeje?

---

tiba_kazi_moshi

Jumaa, mimi ni mtaalamu wa tiba kazi, nimesomea Moshi. Huo ushauri uliopewa hauna ushahidi. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili na wale wa lugha moja hazijaona kwamba lugha mbili zinawarudisha nyuma. Kinachomrudisha nyuma ni bibi kunyamaza. Mtoto wako ana watu wachache tayari wanaomwelewa, huwezi kumpunguzia mmoja. Bibi aongee Kigogo, na picha ni ile ile, picha haina kabila.

Kuhusu ile ABC aliyosema fundi, na hizi katuni za YouTube, hilo nakutana nalo kila wiki. Mtoto ana maneno mia ya Kiingereza ya kukariri na hana hata moja la kuombea. Usilidharau hata hivyo. Kurudia rudia kwa mtoto mwenye usonji mara nyingi kuna maana ndani yake, angalia anairudia wakati gani. Nina mtoto mmoja akisema kile kipande cha mwisho cha katuni yake, cha kuaga, maana yake amechoka anataka kutoka chumbani. Tukishajua hivyo tunampa picha ya mlango na neno "toka", na ile ya katuni tunaiitikia pia. Simu yenyewe punguza, hasa ile ya kumkalisha peke yake, kwa sababu simu haina zamu.

Na wazazi naomba muwe makini na kitu kimoja. Mkiona mahali mtaalamu anamshika mtoto mkono au kiwiko halafu mtoto asiyeongea "anaandika" sentensi ndefu nzuri kwenye kibao, ondokeni. Majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha maneno yanatoka kwa anayeshika, na chama cha wataalamu wa lugha na matamshi cha Marekani, ASHA, kilitoa tamko la kuikataa njia hiyo 2018. Kule kumshika mkono kwa nyuma alikoeleza fundi ni tofauti, kunaisha ndani ya siku chache na mtoto anabaki anafanya mwenyewe. Mkono usioondoka ndio wa kuogopa.

---

mama_kulwa_n_doto

Jamani nimeanza jana. Karanga. Nimemuweka mdogo wangu nyuma. Bado hajaokota mwenyewe ila hajalia hata mara moja, na kwetu kukaa dakika kumi na mama bila kulia ni jambo. Mtaalamu sisi huku hatuna, hospitali ya mkoa wametupa tarehe ya miezi minne mbele.

---

bint_mvita

Dada usingoje hiyo miezi minne mikono mitupu. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo yao ya walezi, ya watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao tisa vya kikundi na mkufunzi anakuja nyumbani mara tatu, na anayefunza si lazima awe daktari. Mimi niliyapitia na kina mama wengine na nusu ya niliyoandika hapo juu yatoka huko. Uliza vyama vya wazazi wa watoto wenye usonji. Na karanga kwa mtoto mdogo ziponde au tafuta kitu kingine, zapalia.

---

fundi_wa_tabata

Wakuu narudi baada ya wiki tano, samahani kwa ukimya.

Jana usiku umeme ulikata mtaa mzima, saa tano hivi, joto la Dar mnalijua. Mtoto akaamka. Nikasikia anapapasa ukutani pale picha zinapokaa, kule kung'oka kwa ule mkanda, krrr. Akaja kitandani upande wangu akaniwekea picha kwenye kiganja gizani. Nikawasha tochi ya simu, ni feni.

Sasa hii sikufundishwa. Ameomba vizuri kabisa, amenitafuta, ameniamsha, na mimi fundi umeme siwezi kumpa. Nikamwonyesha mikono mitupu, "imeisha". Nikasubiri kichwa ukutani. Akanyamaza. Akaangalia juu kwenye feni, imesimama. Nikachukua boksi la taa nikaanza kumpepea, akalala kifuani kwangu, kila nikiacha anauinua mkono wangu. Anaushika kiganja sasa, hashiki tena kifundo.

Umeme ulirudi karibu na alfajiri. Feni ikaanza kuzunguka. Alikuwa macho. Akaniangalia, akaangalia feni, akaniangalia tena usoni, akashika kidole changu cha shahada akakinyanyua juu. Hakutaka kitu mwalimu, feni ilikuwa tayari inawaka. Nikasema "feni". Akaninyanyua kidole tena.

Mwalimu ile uliyosema ya ndege juu, ndo hii?

---

mwalimu_mstaafu

Ndiyo yenyewe baba. Iandike tarehe kwenye kadi yake ya kliniki.

---

mama_kulwa_n_doto

😭😭 Kaka hiyo picha ya feni uliipiga ikiwa inazunguka au imezimwa? Nataka niitengeneze leo.

---

fundi_wa_tabata

Imezimwa dada. Ikizunguka mapanga hayaonekani.